Mkono wa Baba Kichwani mwa Bosi

Mimi nilishasema tangu asubuhi: Baba asiingie chumba cha daktari. Lakini nani wa kumwambia Baba? Aliingia na Bosi mikononi, mbwa mzima na ndevu zake nyeupe, akamlaza juu ya meza ya bati, akaganda hapohapo.

Bosi alikuwa hasimami tena. Miguu ya nyuma ilikuwa ikiburuzika, na vidonge vya maumivu vilikuwa vimemtapisha damu. Daktari wa mifugo, dada mpole mwenye mikono mipana, hakuzungusha maneno.

"Nitamchoma dawa palepale panapouma, kando ya uti wa mgongo. Haitapita tumboni. Ila picha inaonyesha pingili mbili mbovu, na dozi yake inatosha sehemu moja tu. Lazima anionyeshe ni ipi."

"Na ukikosea?" nikauliza.

"Tutakuwa tumemtesa bure. Kwa hali hii nitawashauri tumpumzishe milele."

Baba amekuwa mlinzi wa geti maisha yake yote, na tangu Mama atutoke anaongea na Bosi kuliko anavyoongea na mimi. Bosi akienda, nyumba ile nitaishi na nani? Na ukuta?

Daktari akabonyeza mgongo, pingili kwa pingili. Bosi kimya. Akarudia kwa nguvu zaidi. Kimya, macho ukutani, anahema tu.

"Huenda hasikii tena kitu," daktari alisema taratibu. "Hiyo si dalili nzuri."

"Haumwi," Baba akasema. "Bosi ni mwanamume."

Ebo! Haumwi, na usiku kucha anatetemeka kama ana homa? Nilifungua mdomo nimjibu vibaya, ndipo nikauona mkono wake. Ulikuwa umetulia juu ya kichwa cha Bosi.

Mkono ule ni amri. Miaka yote getini, mwizi akinyemelea, Baba humwekea mbwa mkono kichwani, na mbwa hatoi hata mguno. Nami aliniwekea hivyohivyo nilipokuwa mdogo, nikidungwa sindano. Aliniwekea tena siku tulipomzika Mama. Sikulia.

"Baba, toa mkono."

"Ataogopa."

"Toa mkono, Baba! Umemfunga mdomo!"

Sijawahi kumpandishia sauti namna ile. Alinitazama, akautazama mkono wake, akautoa polepole. Kisha akatoka nje na kuufunga mlango.

Daktari akaanza upya. Pingili ya kwanza, kimya. Ya pili, Bosi akapiga yowe hadi mabakuli ya dawa yakalia.

"Hapa," alisema daktari, sindano tayari mkononi.

Nikatoka, nikamkuta Baba kwenye benchi, kajikunyata. "Umemsikia alivyolia?" aliniuliza. Tukakaa tukiutazama mlango.

Hatimaye mlango ukafunguka. Bosi alitoka akiyumba, lakini kwa miguu yake minne, moja kwa moja hadi kwa Baba, akasukuma kichwa magotini pake akiutafuta mkono. Baba akauficha mfukoni.

"Hapana, rafiki yangu. Ukiumwa, lia."

Basi mimi ndiye niliyeangua kilio, kilio cha Mama nilichokimeza siku ya maziko, mbele za watu. Baba alinisogelea palepale kwenye benchi. Mkono hakuutoa mfukoni, akaniacha nilie.