Mkono wa Kupimia Brashi

Katika karakana ile ya brashi hapakuwa na kipimo cha chuma wala cha karatasi. Kipimo kilikuwa mkono wa mtu. Kibao kikishatobolewa, nyuzi za katani zikishapandwa na kukatwa kwa mkasi, brashi ilipelekwa kwenye meza iliyo chini ya dirisha. Aliyekaa pale alifumba macho, akapandisha nguo hadi juu ya kiwiko, akaipitisha brashi mara moja kwenye ngozi ya ndani ya mkono wa kushoto. Ikikwaruza, ilikwenda kwenye fungu la sakafu. Ikiparuza kidogo tu, fungu la viatu. Ikipita bila kusema neno, fungu la nguo. Na ikimtekenya mpaka atabasamu bila kupenda, hiyo ndiyo ya mwili, ya kujisugulia mtu akiwa mkavu kabla ya kuoga, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikiilisha nyumba.

Sheria hiyo iliwekwa na mama mkwe, mwenye karakana. Alisema macho yanapenda urembo, ngozi haina upendeleo. Alikaa kwenye ile meza miaka mingi, kisha akamwachia mke wa mwanawe, Mama Pacha, ila akabakiza haki moja: brashi ya mwili haifungwi kwenye katoni mpaka naye aipitishe mkononi mwake. Mama Pacha hakulalamika. Aliipenda ile meza kuliko alivyoipenda siku ya harusi yake, na harusi yenyewe ilipambwa ikapambika.

Basi siku moja mama wa saluni, mteja wao mkubwa, akaingia na katoni kichwani na uso umekunjamana. Aliitua katikati ya karakana.

"Nimezirudisha," alisema. "Wateja wangu wametoka na michirizi utadhani wamepita kwenye miiba. Mmoja kaapa hatakanyaga tena kwangu."

Akachukua brashi moja, akampitishia shingoni wifi yake Mama Pacha, binti wa mwisho wa nyumba ile, aliyekuwa anafagia. Wifi aliruka na fagio mkononi.

Mama mkwe hakuiangalia brashi. Alimwangalia Mama Pacha.

"Nani alipima?"

"Mimi, Mama."

"Basi toka hapo mezani. Wifi yako atakaa."

Mama Pacha alitaka kusema kwamba brashi zile zilipita mikono miwili, wake na wa mama mkwe. Mimi ningesema, tena kwa sauti. Lakini mimi sikuolewa katika nyumba ile. Yeye aliyameza maneno, akainuka, akaenda kukaa nyuma na wapanda nyuzi, mahali pasipo na dirisha.

Jioni, jikoni, alichukua brashi ya sakafu akaipitisha kwenye mkono wake wa kushoto. Alisikia mlio tu. Akaipitisha tena kwa nguvu. Mlio. Akahamia mkono wa kulia, na hapo alishtuka mpaka kikombe kikaanguka. Alishika tama pale pale kwenye kigoda. Miaka yote ya kupitisha katani mahali pamoja ilikuwa imemwotesha sugu, ngozi imekuwa nene, imelala usingizi wa pono. Kwa hiyo lawama ilikuwa ya haki. Na kama mkono ule hauamki, yeye si mpimaji tena na hatakuwa, atapanda nyuzi gizani mpaka azeeke. Hilo lilimuuma kuliko kufukuzwa.

Kesho yake alikwenda saluni kuomba radhi. Mama wa saluni hakuwa mtu wa kuweka kinyongo. Alimsikiliza hadi mwisho, akavuta kiti.

"Kaa. Vua viatu. Hebu niambie, tangu uanze kutengeneza hizi brashi, wewe mwenyewe umewahi kujisugua?"

"Aa, mie? Zile za kuuza."

"Ona sasa. Mpishi asiyeonja."

Alichukua brashi laini, ya zamani, iliyotoka karakana ile ile enzi za mambo mazuri, akaanza kwenye unyayo. Mwili uwe mkavu, alieleza, maji baadaye. Unaanzia miguuni, unapanda taratibu kuelekea moyoni, mkono mwepesi. Husugui doa, unaamsha ngozi. Ukimaliza unaoga, unajipaka mafuta mwili ukiwa bado na unyevu. Brashi ilipanda kwenye ugoko, ikapita nyuma ya goti, na Mama Pacha akacheka kama aliyetekenywa. Kisha akashangaa machozi yanamtoka. Tangu pacha wazaliwe, kila aliyemgusa alikuwa anataka kitu: uji, ufunguo, soksi ya pili. Brashi haikutaka kitu.

"Na huu?" aliuliza, akinyoosha mkono wa kushoto.

Mama wa saluni aliubinyabinya. "Huu umeutumikisha bila likizo. Siahidi kitu. Uache upumzike na hizo katani ngumu, uupe brashi laini na mafuta kila siku, halafu tuone. Na usiutukane. Na yule mama mkwe wako mwambie nampa nafasi moja tu. Katoni ijayo ikirudi, haturudiani."

Hivyo Mama Pacha akaanza kuamka kabla ya wote, akajifungia bafuni kwa komeo. Siku za mwanzo alijisugua kikarakana, haraka haraka na kwa nguvu, kama mtu anayelipwa kwa idadi ya brashi. Mumewe, fundi wa kutoboa vibao, alisimama nje ya mlango na taulo begani.

"Mama Pacha, unajisugua au unakwangua ukoko?"

"Baba Pacha, nenda kapige mswaki."

"Mswaki uko humo."

Pacha waligonga mlango kwa zamu. Wifi alipita akiimba kwamba bafuni kuna bibi harusi. Mama mkwe hakuimba, alisema tu, kwa sauti ya kusikika, kwamba kuna watu wakinyang'anywa kazi wanapata muda wa kujikuna. Neno lile lilimchoma, lakini komeo halikufunguliwa. Alijifunza kwenda polepole. Unyayo, ugoko, paja, tumbo lile lililobeba wawili kwa mpigo na ambalo hakuwa amelitazama muda mrefu, mabega, na mwisho mkono wa kushoto, kwa upole wa mtu anayemwamsha mtoto. Vumbi jeupe lilianguka sakafuni. Alioga, akajipaka mafuta, akatoka akiwa mtu, na siku ikaja na matatizo yake yote ikamkuta yupo.

Majuma yakapita, mkono ukiwa kimya. Halafu asubuhi moja, nyuma kwenye benchi la wapanda nyuzi, kitu kilimtembelea juu ya ngozi, chepesi, kwa vituo. Alitazama. Nzi. Ametua kwenye mkono wa kushoto, anatembea kutoka kifundo kwenda kwenye kiwiko, na Mama Pacha anamsikia kila hatua. Hakumfukuza. Alimwacha amalize safari yake, na kama watu wasingemwona mwehu, angemshukuru.

Siku ile ile oda ya mama wa saluni ilikuwa inafungwa. Wifi alikuwa mezani, mama mkwe amesimama nyuma yake, anapitisha kila brashi mkononi na kuitupia kwenye katoni. Nyuzi zilikuwa zimekatwa fupi, kwa amri ya mama mkwe, maana siku hizi alizipenda fupi, zinakaa kwa heshima. Mama Pacha alipita na beseni la katani, akanyoosha mkono, akaokota moja, akafumba macho, akaipitisha. Ilimuuma vizuri kabisa.

"Mama," alisema, "hizi ni ngumu."

Keekee ya kutobolea ya mumewe ilisimama kwenye tundu.

"Mkono uliotuaibisha," mama mkwe alisema polepole, "ndio leo unatufundisha?"

"Ulituaibisha kweli, sikatai. Lakini hizi ni ngumu. Zikienda saluni zitarudi, na safari hii mteja harudi nazo."

"Wifi yako amezipima. Mimi nimezipima."

Wote walimgeukia wifi. Msichana aliangalia kucha zake. "Mimi nilimwambia Mama zinakwaruza," alisema. "Akaniambia nina ngozi ya kitoto."

Mama Pacha alitua beseni. Akapiga moyo konde. "Basi tupimane, Mama, mbele ya wote. Mimi kwanza, wewe baadaye. Macho yafungwe. Atakayepatia, meza ni yake. Atakayekosa atakubali, na maneno yaishe."

Mama mkwe alikuwa na mengi, lakini woga hakuwa nao. "Kaa," alisema.

Mama Pacha alikaa chini ya dirisha lake, akafumba macho. Wifi alichagua brashi kutoka kila fungu, akazichanganya, akaanza.

"Viatu," Mama Pacha alisema. "Nguo. Sakafu. Nguo tena, na hii ina uzi mmoja umevunjika, upande wa kidole gumba."

Mumewe aliinyakua, akaisogeza kwenye mwanga. Uzi mmoja ulikuwa umevunjika, upande wa kidole gumba. Wapanda nyuzi waliacha kazi, wakasogea.

Ya mwisho ilipopita, Mama Pacha alitabasamu bila kupenda. "Ya mwili. Ya zamani, kabla hatujaanza kukata fupi."

Ikawa zamu ya mama mkwe. Alikaa wima, akapandisha mkono wa gauni, akaunyoosha mkono wa kushoto juu ya meza, akafumba macho na kuinua kidevu kama mtu anayepigwa picha. Mama Pacha alichukua moja ya zile zilizobishaniwa, akaipitisha. Akangoja. Mama mkwe hakusema kitu. Akaipitisha tena, kwa kukandamiza kidogo. Kimya. Akachukua brashi ya sakafu, ile ya kuondolea tope, akaiburuta kutoka kifundo cha mkono hadi kwenye kiwiko.

Mama mkwe alikohoa. "Anza basi," alisema. "Tunangojea nini?"

Wifi alijiziba mdomo. Mumewe Mama Pacha alitaka kusema, mkewe akamwonyesha kidole, akaufyata.

Mama Pacha alisimama pale na brashi mkononi, na furaha ikampanda toka miguuni, kwa mwendo ule ule wa asubuhi, taratibu, kuelekea moyoni. Alikuwa ameshinda. Meza ilikuwa yake, dirisha lake, jina lake limesafishwa, na maneno yote aliyoyameza tangu siku ya katoni yalikuwa yamejipanga mdomoni yakisubiri mlango. Aliyatazama moja moja, akaona hayahitaji tena.

"Nimemaliza, Mama," alisema.

Mama mkwe alifumbua macho. Aliiona brashi ya sakafu. Akautazama mkono wake, michirizi myeupe imepita juu ya ngozi iliyokuwa nene kuliko ya mkwewe ilivyopata kuwa.

"Ulipitisha hii?"

"Na nyingine, mara mbili, kabla yake."

Mama mkwe aliinuka, akakisukuma kiti kwa mguu kuelekea kwa Mama Pacha. "Kaa mahali pako," alisema. Akawageukia wengine, sauti yake ile ile ya siku zote. "Mnatoa macho nini? Fungueni katoni. Hizo zote ni za viatu. Katani ndefu iko wapi?"

Karakana iliwaka kwa kazi. Vibao vipya vilitobolewa, nyuzi ndefu zikapandwa na kila aliyekuwa na vidole, na kila brashi ikaja kutua kwenye mkono wa chini ya dirisha. Zilizokwaruza zilitupwa bila kuonewa huruma, hata zile za mume wa mtu. Mama wa saluni alipokuja, hakuamini katoni. Alichomoa brashi kutoka chini kabisa, akajipitishia shingoni mbele ya wote, na midomo ikamcheza. Alijaribu kuizuia, ikamshinda.

"Nani alipima?" aliuliza.

Mama mkwe ndiye aliyejibu. "Mwenye meza," alisema, akamnyooshea kidole. Mama Pacha aliinama kuokota kitu ambacho hakikuwepo, maana hakutaka waone alivyokuwa anameremeta.

Asubuhi iliyofuata, akitoka bafuni, aligonga chumbani kwa mama mkwe. Mkononi alikuwa na brashi laini na chupa ya mafuta.

"Hiyo si ya kuuza?" mama mkwe aliuliza.

"Hii ya kwetu. Lete mkono."

Aliuleta, akitazama ukutani. Mama Pacha alimsugua bila haraka, akampaka mafuta, na hawakuongea, isipokuwa siku ya tatu mama mkwe aliposema nyuma ya shingo pia panawasha. Baada ya hapo alianza kumngoja kitandani, mkono wa gauni umeshapandishwa. Mumewe Mama Pacha alilalamika kwamba sasa katika nyumba ile hata mswaki wake atakuja kuukuta unasugua watu.

Ikaja asubuhi ambayo Mama Pacha aliingia na brashi nyingine, hakusema ipi, akaipitisha. Mama mkwe aliuvuta mkono kwa nguvu mpaka chupa ya mafuta ikapinduka.

"We, hiyo inakwaruza. Itupe kwenye fungu la sakafu."

"Si ya sakafu, Mama."

Mama mkwe alimkazia macho. Halafu akaurudisha mkono, akafumba macho, akainua kidevu. "Pitisha tena."

Mama Pacha akapitisha.

"Viatu," mama mkwe alisema, na uso wote ukamfunguka. "Hiyo ni ya viatu, mwanangu. Naisikia."