Bawa la Kulia

Ndege ile ndogo, ya viti viwili, ndugu wawili waliijenga kwa mikono yao kwa miaka minane. Kuruka iliruka, ila kwa ukaidi. Kila iliposhika mwendo wa safari, bawa la kushoto lilitaka kuinama, na mrushaji alilazimika kuukaza usukani kulia njia nzima, hadi bega likamuuma. Michoro iliahidi kilomita mia na themanini na tano kwa saa. Yenyewe haikuwahi kupita mia na sitini na nane.

Ndugu mkubwa, seremala, hakujaliwa kuiona ikiruka. Moyo ulimsimama akiwa katika karakana yake, miezi miwili kabla ya siku ya majaribio. Kazi ikamaliziwa na mdogo wake, fundi wa majokofu, ambaye pale kiwanjani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Baridi, naye akaitika.

Kila ndugu alifunga bawa moja: kaka la kushoto, Baridi la kulia. Basi watu walipomuuliza mbona ndege inalalia upande, jibu alikuwa nalo mdomoni.

"Lile ni bawa la marehemu," alisema. "Mungu amrehemu, mkono wake ulizoea makabati."

Watu walicheka, naye alicheka nao. Akakata kipande cha bati, akakibandika nyuma ya bawa la kushoto ili kulisaidia kunyanyuka. Ndege ikanyooka kidogo, ikazidi kuwa nzito. Miaka miwili ikapita hivyo.

Siku moja shemeji yake, mjane wa kaka, alikuja kiwanjani na daftari. Alikuwa amefundisha hesabu maisha yake yote na sasa alikuwa amestaafu.

"Shemeji, huo mwendo unaupimaje?" aliuliza.

"Naangalia saa ya mwendo, hiyo hapo."

"Na kama saa inadanganya?"

Baridi aliwasha injini. Wakaruka pande tatu tofauti, ili upepo unaowasukuma huku uwarudishe kule, mwalimu akisoma mwendo kwenye simu na kuandika. Akapiga hesabu zake: mia na sitini na saba. Saa ilikuwa inasema kweli.

Wiki iliyofuata alileta nyuzi za sufu, akazikata urefu wa kidole, wakazibandika kila mahali kwa utepe. Huko juu nyingi zililala kimya zikielekea nyuma, lakini pale mihimili inayoyashikilia mabawa inaposhikana na tumbo la ndege zilirukaruka kama zimemwagiwa maji ya moto. Hewa ilikuwa inakwama hapo. Baridi alifurahi; kufunika maungio kwa bati lililopindwa vizuri ilikuwa kazi anayoijua.

"Hiyo itatupa mwendo kidogo," mwalimu alisema waliposhuka. "Haitaeleza kwa nini inalala. Tupime mabawa."

"La kushoto tulijua zamani, shemeji."

"Mlilipima?"

Hakuwahi kulipima.

"Basi tupime yote mawili."

"La kulia nililifunga mwenyewe."

"Ndiyo maana nataka tulipime," alisema kwa upole uleule aliotumia darasani.

Waliisawazisha ndege kwa vipande vya mbao chini ya magurudumu, wakaweka ubao mnyoofu chini ya bawa na pima maji juu yake. Bawa la kushoto lilikuwa sawasawa na mchoro, bila hata unywele kuzidi. Wakahamia la kulia. Karibu na ncha, ukingo wa nyuma ulikuwa umeshuka milimita tisa. Baridi aliigeuza pima maji, akapima tena. Akabadilisha ubao. Tisa. Bawa lake lilikuwa linanyanyua kupita kiasi, na kwa miaka miwili lilikuwa likimlaza mwenzake.

Akakaa juu ya kopo la rangi. Masikio yalimwaka.

"Shemeji," alisema baadaye, "kuna maneno nimekuwa nikiyasema hapa."

"Nayajua. Niliyasikia mwezi ule ndege ilipoanza kuruka, nilipokuja kuchukua koti lake. Nilikuwa nje ya mlango wa kibanda."

"Na hukuniambia kitu?"

"Ningekuambia nini? Huenda ulikuwa unasema kweli, sikujua." Alifunga daftari. "Ila mtu aliyetengeneza meza yangu ya jikoni kwa mwaka mzima, akipima mara nne kabla ya kukata, sikuamini angekosea milimita tisa."

Baridi aliinamisha kichwa. Hakuomba radhi kwa maneno mengi. Alisema nisamehe, shemeji, mara moja. Kisha akainuka akaenda kibandani, marubani walikokuwa wakinywa chai.

"Bawa lililoharibika ni langu," aliwaambia. "La kaka halina kosa. Nilikosea mimi, nikamsingizia."

Mmoja alianza kucheka, akaona uso wake, akaacha.

Marekebisho yenyewe yalikuwa madogo hadi yakauma: alifungua mhimili wa nyuma wa bawa la kulia, akazungusha skrubu ya ncha ya mhimili huo mizunguko miwili na nusu ili uwe mrefu zaidi, akahakikisha meno ya skrubu bado yameshika vya kutosha, akafunga. Akang'oa kibati cha kushoto. Akafunika maungio.

Jumamosi waliruka wote wawili. Ilipotulia angani, Baridi aliondoa mkono kwenye usukani, akauweka pajani. Ndege ikaendelea kunyooka, mabawa yote mawili sawa na upeo wa macho. Saa ilisoma mia na themanini.

"Shika wewe," alimwambia.

Mwalimu alishika kwa vidole viwili. Alikunja kushoto taratibu, ndege ikamtii. Akakunja kulia, ikamtii vilevile. Akaishika mpaka mtoni, machozi yakimtiririka naye hayafuti, maana mkono mmoja ulikuwa na kazi na mwingine umeshika daftari.