Pasi Iliyopoa Kifuani

Papa Cirimwami anapiga pasi nguo za watu Ndosho, mtaa wa Goma, chini ya bati tatu, kando ya wachomea vyuma. Pasi yake ni ya makala, makaa ya miti. Jumanne moja, ikiwa ya moto kabisa, ilipoa juu ya shati la mwalimu Ézéchiel, upande wa kuume wa kifua, mahali penye ukubwa wa kifuniko cha chupa. Ilipovuka hapo ikapata moto tena. Cirimwami alidhani makala yana maji, akayabadilisha. Mwaka uliofuata mwalimu alianza kukohoa damu. Uvimbe ulikuwa kwenye pafu, palepale.

Baada ya mashati manne ya namna hiyo, watu walianza kumletea suruali tu. Jumapili wanaume wa Ndosho walikwenda misa suruali zimenyooka, mashati yamekunjamana.

Wakaja watafiti wawili na kipimajoto. Walisema wanatafuta alama ya saratani ya mapafu inayoonekana mapema, kabla ya kikohozi. Kwingine wanaitafuta katika damu na katika pumzi. Walimpa mashati mia mbili, ya wagonjwa na ya wazima, yamechanganywa. Pasi haikukosea hata moja. Wakaandika, wakashukuru, wakaenda.

Mwezi wa tisa pasi ilipoa juu ya blauzi ya mke wake, Angèle.

"Wapi?" aliuliza Angèle. Alikuwa anachambua maharagwe.

"Kushoto."

"Kama kifuniko?"

"Kama kifungo."

"Basi tumeiwahi."

Walikwenda hospitali na blauzi ndani ya mfuko. Daktari alikuwa amesoma ripoti ya watafiti, hakubisha.

"Mama, unakohoa?"

"Hapana."

"Unakonda?"

"Niangalie vizuri, dokta. Hiki kiti kinalia."

"Iko mapema sana," daktari alisema. "Wakati wa kuitibu ndio huu."

"Tutibu basi," alisema Cirimwami.

Daktari alifunga kalamu. Mashine ya kuona kitu kidogo hivyo haiko Goma. Mtu wa kupasua pafu hayuko. Ndege hazitui, uwanja umefungwa kwa vita.

"Mutarudi akianza kukohoa," alisema. "Hapo tutakuwa na kitu cha kuandika."

Kila Jumamosi Cirimwami anapiga pasi ile blauzi. Kifungo kimekuwa kifuniko cha chupa, na mahali pale hapanyooki. Angèle anapafunika kwa kitenge, anakwenda misa. Bado hakohoi, kwa hiyo hawajarudi hospitali.