Semina ya Kutembelea Wagonjwa

Bi Karibu alipata jina hilo kwa sababu hakuwahi kumngoja mtu apige hodi. Akisikia tu hatua nje ya mlango wake wa buluu, kabla hujafungua mdomo, alikuwa ameshasema karibu, tena kwa sauti ya mtu aliyekuwa akikungojea wewe na si mwingine. Hata mwizi angeingia pale, nadhani angekaa kwanza. Ndiye aliyempokea Mratibu miaka kumi na tisa iliyopita, wakati huo Mratibu hajawa mratibu wa kitu chochote, ni binti mwinjilisti tu mwenye sanduku moja na viatu vilivyoachama, ametumwa kuanzisha kanisa kwenye makazi ya wafanyakazi wa kiwanda cha matofali. "Utalala wapi, mwanangu?" Bi Karibu alimuuliza. Basi wakalala kitanda kimoja kwa miaka miwili, mzungu wa nne, miguu ya huyu usoni pa yule, na hakuna aliyelalamika.

Kanisa lile lilianzia chumbani humo, na halikuanza kwa mahubiri. Lilianza kwa miguu. Jioni baada ya jioni wawili hao walikwenda nyumba kwa nyumba, wakakaa na wagonjwa, wakafua, wakateka maji, wakasikiliza watu wakisema mambo waliyokuwa wameyafungia moyoni. Bi Karibu hakujua kufundisha. Alijua kukaa. Alikuwa na kiti kimoja kifupi cha mbao, na kila mara alisema mgonjwa hahitaji watu wengi, anahitaji mtu mmoja na kiti.

Jimbo la kanisa likaiona kazi hiyo, ikalipendeza, na jimbo likipendezwa na kitu halikiachi kilipo. Mwinjilisti akaitwa makao makuu akapewa meza, kiti cha kuzunguka na cheo: Mratibu wa Misheni, ili awasaidie watu wa mitaa yote wafanye kama alivyofanya yeye. Siku ya kuagana alilia kwa furaha. Bi Karibu naye alilia, ila sijui kama naye ni kwa furaha.

Mratibu alichapa kazi kwelikweli. Ndiye aliyeandika mwongozo wa kurasa kumi na mbili uitwao Mgawanyo wa Majukumu, uliosema nani katika jimbo anashika nini, ili watu wasikanyagane. Ukurasa wa nne ulisema kwamba habari za wagonjwa zinapelekwa Dawati la Huduma, na kwamba Mratibu wa Misheni asiende mwenyewe, maana akienda yeye, watu wa mtaa watabweteka. Sentensi hiyo aliitunga kwa siku mbili na aliipenda sana.

Kila dawati la jimbo liliposhuka mitaani lilitaka kuwa na kamati yake. Pale kwenye matofali walikuwa wamebaki watu wazima tisa, Bi Karibu wa kumi. Tisa hao wakagawana kamati sita. Mzee wa kanisa, ambaye ni fundi seremala, alikuwa mwenyekiti wa mbili, katibu wa tatu, na mjumbe wa ile ya sita kwa kuwa hakubaki mtu. "Siku hizi nikikaa peke yangu chooni," alisema, "akidi imetimia." Walicheka wote. Lakini ile kazi ya jioni, ya miguu, ilikuwa imekufa kimyakimya, kwa sababu jioni ndizo zilikuwa za vikao.

Jumatatu moja seremala alipiga simu ofisini kwa jimbo.

"Mratibu, mama yako Bi Karibu hali si nzuri."

"Ana nini?"

"Miguu imevimba, pumzi anaivuta kwa shida. Zahanati wamemrudisha nyumbani, wamesema tukae naye tu. Anakuulizia wewe. Kila nikiingia ananiambia, mwanangu anakuja lini?"

Mratibu alikuwa hajakanyaga pale miezi kumi na minne. Kila mwezi alisema mwezi ujao, na kadiri alivyochelewa ndivyo aibu ilivyozidi kumzuia. Akatazama kalenda ukutani.

"Jumamosi tunakuja huko kwa semina. Mwambie Jumamosi, bila kukosa."

"Jumamosi ni mbali, dada."

"Naelewa. Leo hii nalipeleka Dawati la Huduma, walishughulikie mapema."

Na kweli alilipeleka. Mratibu wa Huduma, mwanamume mpole aliyeshona vifungo vya shati lake mwenyewe na asiyeweza kumkwaza hata nzi, alijaza fomu, akaisaini, akaituma kwa mtu wa kufuatilia mtaani, yaani katibu wa kamati ya huduma ya pale. Katibu huyo alikuwa seremala. Jumatano, seremala akapokea barua ya jimbo inayomwarifu kwamba katika mtaa wake kuna mgonjwa. Aliisoma mara mbili akiwa amesimama kwenye maranda ya mbao. Hakuelewa, ila aliona muhuri, akajiambia kwamba wakubwa wanalo mkononi. Mke wake alikwenda kwa Bi Karibu Jumatano na Alhamisi. Ijumaa hakwenda, kwa sababu Ijumaa walikuwa wote wanapiga deki kanisa na kupanga viti vya wageni.

Somo la semina ya Jumamosi lilikuwa kutembelea wagonjwa.

Walifika saa tatu asubuhi: Mkuu wa Jimbo, Mratibu wa Huduma na Mratibu. Wenyeji tisa walikuwa wamejipanga mlangoni, wakaimba wimbo wa kuwapokea, beti zote, kwa nguvu, mabati yakaitikia. Mratibu aliimba huku akichungulia dirishani. Ng'ambo ya bomba la maji, hatua mia mbili hivi, aliuona mlango wa buluu. Umefungwa.

"Anaendeleaje?" alimnong'oneza seremala.

"Juzi alikuwa anaongea. Leo nilitaka kupita, nikapewa kazi ya kufunga kitambaa ukutani."

"Nipite mara moja, dakika kumi tu," Mratibu alimwambia Mkuu wa Jimbo.

Mkuu wa Jimbo hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuwa mtu aliyekwishazika watu wengi na aliyeamini kwamba ratiba ndiyo iliyobaki kusimama. "Mama, si umeweka mwenyewe kwenye ratiba? Saa kumi, zoezi la vitendo, wote kwa pamoja kwenda kwa mgonjwa. Ukimtembelea sasa, saa kumi tutakwenda kufanya nini?"

Mratibu akarudi mbele. Ukweli ni kwamba kuna kitu ndani yake kilipata nafuu. Kwenda peke yake kungemlazimu aseme kwa nini amekaa miezi kumi na minne. Kwenda na kundi zima, na nyimbo, na Mkuu wa Jimbo, kungeficha. Jambo hilo alilijua pale pale aliposimama na kalamu mkononi, na alilisukuma pembeni.

Alifundisha vizuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Aliwaeleza jinsi ya kubisha hodi, jinsi ya kutokaa juu ya kitanda cha mgonjwa, jinsi ya kunyamaza. Aliwasimulia habari za mwanamke mmoja aliyekuwa na kiti kifupi cha mbao. Wote walijua ni nani, wakatabasamu, na mama mmoja akafuta macho. Hakuna aliyeinuka.

Saa saba wakapumzika. Mratibu alitoka nje, akafika hadi kwenye bomba la maji. Mlango wa buluu sasa ulikuwa umeachwa wazi kidogo, na nguo fulani ilikuwa imetundikwa kwenye kamba. Akajiambia, kuna mtu yuko naye. Nyuma yake akasikia viatu vya Mratibu wa Huduma.

"Dada, nakuelewa," alisema kwa upole wake ule. "Lakini ukienda peke yako utakuwa umewaambia hawa watu kwamba bila jimbo hawawezi. Si umeandika wewe?"

"Nimeandika mimi."

"Saa tatu tu zimebaki."

Wakarudi ndani wakanywa chai.

Baada ya chai ikawa kazi za vikundi. Wakabandika karatasi kubwa ukutani, seremala akachora ramani ya mtaa kwa mkono wake ulionyooka wa fundi: kiwanda, bomba, njia, nyumba moja moja. Kila penye mgonjwa waliweka kibandiko chekundu. Kulikuwa na kibandiko kimoja tu. Mratibu mwenyewe ndiye aliyekibandika kwenye nyumba ya Bi Karibu, akakikandamiza kwa kidole gumba ili kisianguke. Kisha wakajadili maswali matatu: nani atakwenda, lini, na atapeleka taarifa kwa nani. Kikundi cha kwanza kikasema Jumatano. Kikundi cha pili kikasema Jumanne, lakini kikaomba kwanza iundwe kamati ndogo. Mkuu wa Jimbo akasifu kwamba watu wamefunguka. Ilikuwa saa nane na dakika kadhaa.

Saa kumi kamili, hawakuchelewa hata kidogo, wote kumi na wawili walitoka kwenda kwenye zoezi la vitendo. Walipita bombani kwa mstari. Mratibu alikuwa mbele, na alipokaribia akaanza kutembea kwa kasi, kisha karibu kukimbia, mkoba ukimpiga ubavuni. Alifika mlangoni akakanyaga changarawe kwa makusudi, kama zamani. Akasubiri lile neno.

Halikuja.

"Hodi," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kusema hodi kwenye mlango ule.

Aliyetoka ni mwanamume wa makamo, mikono myeusi kwa kiwi. Alikuwa fundi viatu aliyehamia chumba cha jirani miezi michache iliyopita. Alilitazama kundi zima, nguo za heshima, mafaili, kisha akasogea pembeni wapite wanaoweza kupita. Chumba kilikuwa kile kile. Bi Karibu alikuwa amelala chali, amefunikwa shuka mpaka kifuani, taya limefungwa kwa kitambaa safi, mikono imepangwa vizuri.

"Nyinyi ndio mliokuwa mnaimba?" fundi viatu aliuliza.

"Ndiyo," akasema seremala.

"Aliwasikia. Mlipoanza tu asubuhi akafungua macho, akaniambia, wamekuja. Nikamuuliza, nikawaite? Akasema waache, wakimaliza watakuja. Mimi si wa kanisa lenu, sikujua mnamaliza saa ngapi. Nikaacha mlango wazi ili asikie vizuri. Nilimpa maji kwa kijiko. Kwenye saa nane hivi akanyamaza."

Mke wa seremala alijiachia sakafuni akaanza kulia kwa sauti. Mkuu wa Jimbo alivua miwani. Mratibu wa Huduma alisimama ameshika faili lake. Mratibu alitaka kumshika yule mama miguu, ile miguu aliyolala nayo miaka miwili, lakini aliona kama hana haki tena, akabaki amesimama.

Fundi viatu alimgeukia. "Pole, mama," alisema. "Wewe ni nani kwake?"

Alifungua kinywa. Kulikuwa na neno moja la kusema, neno aliloitwa kila siku ndani ya chumba hiki. Lakini macho yote yalikuwa kwake, na miezi kumi na minne ilikuwa imepita.

"Mimi ni Mratibu wa Misheni wa Jimbo," alisema.

"Aha." Fundi viatu akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Akainama, akavuta kutoka pembeni ya kitanda kiti kifupi cha mbao, akakifuta vumbi kwa kiganja ingawa hakikuwa na vumbi. "Basi ninyi wa jimboni mna njia ya kuwapata watu. Kuna binti yake alikuwa anamngoja. Wiki nzima mimi nimekaa sakafuni, kiti hiki alinikataza, alisema ni cha mwanawe, anakuja Jumamosi. Mkimpata mwambieni."

Wenyeji tisa wote walijua binti huyo ni nani. Seremala alitazama miguu yake, mke wake akaacha kulia. Hakuna aliyefungua mdomo, na Mratibu akatoa daftari mkobani, akaandika.