Kopo la Mafuta ya Kukamulia

Mama mkwe wangu, Tabutany, alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe waliovuka mto, na jioni aliitumia kunisumbua mimi. "Jelagat, shamba kubwa hivi, watoto wanne tu?" Tulikuwa tumenunua kipande cha shamba la mzungu huko Moiben, na yeye alitaka kukijaza wajukuu.

Hakujua, au nilidhani hajui, kwamba nilipomzaa mtoto wa nne nusura nife. Nilivuja damu mpaka daktari mjini Eldoret akamwambia mume wangu Kipkemboi waziwazi kwamba mimba nyingine itaniua. Ndiyo maana nilikuwa nikimeza vidonge vya kupanga uzazi. Nilivificha zizini, ndani ya kopo tupu la mafuta ya kukamulia, yale ya kupaka chuchu za ng'ombe, na kila alfajiri nilimeza kimoja kabla ya kumgusa ng'ombe.

Basi kliniki ikaishiwa na aina yangu. Pakiti yangu ilikuwa haijafika nusu nilipopewa ya aina nyingine, na foleni ilivyokuwa ndefu, hakuna aliyenieleza kitu. Sikuhangaika. Mimi ni mtu wa ng'ombe. Ng'ombe ukimbadilishia chakula ghafla, tumbo linavurugika. Unamchanganyia cha zamani na kipya mpaka azoee. Nami nikafanya hivyo hivyo, leo kidonge cha zamani, kesho kipya. Nilijiona mwerevu kweli.

Asubuhi moja Tabutany akasimama nyuma yangu. "Hiyo ya leo ni ya njano. Jana ulimeza nyeupe. Kwa nini?"

Ndoo nusura iniponyoke. "Mama, kumbe unajua?"

"Si mimi pia nakamua hapa? Kopo ya mafuta hailii kachakacha. Niambie, nesi ndiye alisema uchanganye?"

"Hapana. Nimefanya kama ya ng'ombe."

"Kwani wewe ni ng'ombe?"

Tulipanda lori la maziwa, tukakaa katikati ya mikebe hadi kliniki mjini. Nesi Hulda, mama wa kutoka upande wa ziwa, alinisikiliza akashika kichwa. "Hizi hazichanganywi, mama! Rudi kwa zile za zamani, moja kila siku mpaka ziishe. Kesho yake anza mpya, usiruke hata siku. Na kwa vile ulichanganya, wiki hii yote mzee atumie mpira ama alale kando. Damu ya mwezi ikichelewa, rudi hapa."

"Atalala jikoni," akasema Tabutany, na nesi akacheka mpaka akatoa machozi.

Tukirudi nilimwuliza mbona basi alikuwa akinidai wajukuu.

"Nilikuwa nakuchokoza, nangoja uniambie mwenyewe," alisema. "Dada yangu alikufa akizaa, na watu wote walikuwa wanamwambia azae tu. Shamba tunaweza kununua ingine. Wewe nitakununua wapi?"

Nililia pale pale juu ya lori, nikimshukuru Mungu kwa mwanamke huyu mwenye kelele. Damu ilikuja kwa wakati wake. Na tangu siku ile, kila alfajiri sauti yake ilivuka zizi: "Jelagat, umemeza?" Majirani walidhani ninatibiwa minyoo.

Tulimzika mwaka wa sabini na tisa, juu ya shamba, karibu na zizi. Mimi ndiye niliyemzika, si yeye aliyenizika mimi.