Ndiyo ya Kufundishwa

Wiki mbili mfululizo, kila jioni baada ya ng'ombe kukamuliwa, Amos Kirwa alisimama nyuma ya zizi akamtemea mtoto wake maji kifuani. Usimcheke bado. Alikuwa na sababu, na aliiona kuwa sababu nzuri, kama mwoga aonavyo sababu zake zote.

Mtoto mwenyewe, Lagat, alikuwa na miaka kumi na minne. Alikuwa amemaliza Gredi ya Tisa mwezi huo wa Novemba, na Jumamosi vijana wa rika lake pande zile za Chepkoilel wangeingia menjo, ile nyumba ya kando ambamo wavulana hutahiriwa, wakafunzwa mwezi mzima, wakatoka wanaume. Wanawake hawaendi kule wala hawaulizi. Lakini kwa ukoo wa Amos hakuna aliyeingia kabla mjomba wake, ndugu ya mama, hajaja kumbariki. Mjomba huuliza swali moja, kijana hujibu ndiyo, kisha mjomba hujaza mdomo mursik, yale maziwa ya kulala kwenye kibuyu, akampulizia kifuani. Mjomba akikataa, safari imeishia hapo.

Sasa, Lagat alikuwa na usonji. Daktari mjini alilitaja neno hilo mtoto akiwa na miaka sita, na tangu siku hiyo Amos alikuwa akilitamka kwa sauti ya chini kama mtu anayetaja deni. Lagat hakupenda kuguswa, na kelele zikizidi aliziba masikio. Tone la maji likimwangukia shingoni, alivua shati na kutafuta lingine. Maharage yakigusana na mahindi kwenye sahani, hakula. Na kudanganya hakujua. Si kwamba alikuwa mtakatifu, la. Ule ufundi tu ndio hakupewa. Ndiyo maana Amos alikuwa akimtemea maji, ili azoee, na kila akimtemea alimwambia, "Mjomba akiuliza kama uko tayari kuwa mwanaume, unasema nini?"

"Ndiyo," Lagat alijibu, macho kwenye ukuta wa zizi, vidole vikipapasa ukingo wa shati.

"Basi. Usiongeze kitu."

Maji yangezoeleka. Kulikuwa na jambo jingine lililomnyima Amos usingizi, na hilo hakuwa amemwambia hata mkewe, Naomi. Mwezi wa tano Lagat alikuwa amemwendea akamwambia waziwazi, kama anayetoa habari ya mvua, kwamba yeye si mvulana. Yeye ni msichana. Alikuwa ameliwaza jambo hilo miaka miwili na alikuwa na hakika. Amos alimwambia asiliseme tena, na mtoto hakulisema tena. Amos akajipongeza kwamba limekwisha. Mtu anayepandisha ng'ombe wa kata nzima kwa mrija wa mbegu, ambaye wakulima humwita daktari, anayejua kabisa kwamba mimba haifichiki, alidhani kitu kikinyamaziwa kimekufa.

Zaidi ya yote alimwogopa kaka yake Collins. Menjo ilijengwa kwenye shamba la Collins. Collins ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha maziwa, na wakulima wote waliompigia Amos simu ng'ombe akiwa na joto walikuwa watu wa Collins. "Mlete tu," Collins alikuwa amesema. "Hiyo ugonjwa ya kuziba masikio itaisha. Kule tutamnyoosha." Na Amos, Mungu amsamehe, alitumaini hivyo hivyo.

Alhamisi saa nane mchana mjomba mwenyewe, Mzee Joseph, alifika kutoka Timboroa, koti zito mwilini na baridi ya kwao bado mabegani. Alikuwa mzee wa kanisa, mwenye miaka sabini na mbili, mtu ambaye hata kwa chai alishukuru kirefu. Naomi alimpokea kaka yake kwa heshima, akamketisha kwenye kiti cha karibu na dirisha. Collins alikuwa ameshafika na kukaa kwenye kochi refu, miguu ameitandaza kama yuko kwake. Kibuyu cha mursik kilikuwa mezani. Amos alikuwa amekaa kwenye ncha ya kiti, jasho likimtiririka makwapani ingawa mvua ilikuwa imetoka kunyesha.

Lagat akaitwa. Aliingia akasimama pale pale walipokuwa wamekubaliana na baba yake, kwenye ua la tatu la zulia, akafungua vifungo viwili vya shati. Naomi aliinuka kwenda jikoni, maana mambo haya si ya wanawake, lakini Mzee Joseph akamwambia, "Kaa, dada. Baraka si siri."

Mzee alisimama, akashika kibuyu kwa mikono miwili. "Mtoto wa dada yangu," alisema, "uko tayari kuwa mwanaume?"

"Ndiyo," akasema Lagat.

Ilitoka safi. Amos alihisi mapafu yake yakifunguka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Collins alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mzee akainua kibuyu, akapiga funda, mashavu yakajaa, akamsogelea mtoto.

"Hiyo ni jibu ya Baba," akasema Lagat. "Sasa niseme yangu?"

Mzee Joseph akasimama na mursik mdomoni. Akaimeza. Ilimchukua muda kidogo kwa sababu ilikuwa nyingi.

"Yako ni gani?" akauliza.

"Lagat!" Amos akasema.

"Nimeuliza mtoto," akasema Mzee bila kugeuka. "Yako ni gani?"

"Hapana," akasema Lagat. Alikuwa akiitazama meza. "Kule mtu anaenda kufanywa mwanaume. Mimi si mwanaume. Mimi ni msichana, kwa hivyo hiyo siku si yangu. Na pia siwezi lala na watu wengi wakiimba, lakini hiyo ni sababu ya pili."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Amos ilikuwa imeishia kwenye zulia lake mwenyewe. Naomi alifunika mdomo kwa leso. Collins alicheka, kicheko kimoja kikavu, kisha akaona hakuna aliyemfuata.

"Mzee, usisumbuke na hiyo," alisema. "Huyu ni mgonjwa. Daktari mwenyewe aliandika. Hajui kile anasema."

"Kama hajui anachosema," Mzee Joseph alijibu polepole, "basi hata ile ndiyo hakuijua. Mnataka nibariki gani?"

Mzee akageuka, sasa akamkabili Amos, na kibuyu bado mkononi. "Baba yake. Wewe ulijua hii maneno?"

Hapo ndipo Amos angeweza kuwa mtu. Alimtazama kaka yake, akaona taya lake lilivyokaza. Akawaza mashamba arobaini na simu zisizolia. Akafungua mdomo.

"Hapana, Mzee," alisema. "Naisikia leo tu."

"Baba, ulijua," akasema Lagat.

Hakusema kwa hasira. Alikunja uso kama mtu anayeona jumla ya hesabu haikubaliani na tarakimu. "Ilikuwa Jumanne. Ulikuwa unaosha gambuti pale kwa mfereji. Nikakwambia, ukafunga maji, ukasema, 'Nisisikie hiyo maneno tena, mimi au mtu mwingine.' Nikasema sawa. Nimekaa miezi sita sijasema. Lakini Mjomba ameuliza, na wewe ulisema mkubwa akiuliza lazima nijibu."

Naomi alimgeukia mumewe, na macho aliyomtazama nayo Amos hakuwa amewahi kuyaona katika miaka kumi na saba ya ndoa. Alitamani sakafu impokee. Mzee Joseph alirudisha kibuyu mezani, akakifunika kwa kifuniko chake, akakikaza.

"Nilikuja kubariki mtoto," alisema. "Sikuja kufukia kitu."

Collins akainuka. "Sawa. Hiyo ni baraka ya zamani, na sisi ni watu wa kisasa. Baraka ama hakuna baraka, Jumamosi huyu ataingia. Hawezi kutuaibisha mbele ya watu kwa sababu ya ujinga ya kwa simu." Alivuka zulia kwa hatua mbili akamshika Lagat kifundo cha mkono. "Twende. Utalala kwangu mpaka hiyo siku, uzoeane na wengine."

Lagat akapiga kelele.

Haikuwa kelele ya neno lolote. Ilikuwa juu na haikuwa na mwisho, na mkono ulioshikwa ulijipinda kama kamba huku ule mwingine ukipiga sikio, ukipiga tena, ukipiga tena. Alijitupa nyuma, kichwa kikagonga ukuta. Collins hakuachilia. Alikuwa mtu wa kuvuta ndama, na alijua kwamba anayeachilia mara moja atapigwa teke kila siku. Akakaza, akaanza kumburuta kuelekea mlangoni.

Amos hakukumbuka baadaye jinsi alivyofika pale. Alijikuta tu mkono wake umebana mkono wa kaka yake, chini kidogo ya saa.

"Mwachilie."

"Unanishika mimi?" Collins alisema. "Kwa sababu ya hii?"

"Mwachilie, Collins."

Tangu utoto hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita Mzee, hata walipokuwa wawili tu machungani. Collins alilisikia, na labda ndilo lililomlegeza vidole kuliko ule mkono. Lagat alichomoka, akaruka nyuma ya kochi, akajikunja pale kati ya kochi na ukuta. Kelele ikageuka mlio mdogo wa mfululizo.

"Nilijua," Amos alisema. "Aliniambia, nikajua ni kweli, kwa sababu huyu hajawahi niambia uongo hata siku moja. Halafu nikakaa wiki mbili nikimfundisha kudanganya. Mimi, baba yake. Juu ya kukuogopa wewe."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," Collins alisema. "Nani atakuita kwa ng'ombe yake sasa? Nani atakaa na wewe vijana wakitoka? Utakaa na wamama?"

"Nitakaa na mtoto wangu."

Collins akachukua kofia yake, akatoka bila kumuaga hata Mzee Joseph, na pikapu yake ikasikika ikipanda barabara kwa gia kubwa.

Mzee Joseph alikaa. Alionekana ghafla amechoka. "Mimi sielewi hii kitu," alisema, kama anayeungama. "Nina miaka sabini na mbili na sielewi. Nitaenda niombe, na labda bado sitaelewa. Lakini mtu haingizwi kule kwa kusukumwa kama ng'ombe kwa dipu." Aliinuka, akamshika dada yake bega, akasema atasubiri gari barabarani, apigwe na upepo kidogo. Naomi alimsindikiza. Akipita karibu na mumewe alisimama, na Amos akajua kwamba mengi yatasemwa na ni haki yake kuyasikia.

"Miezi sita," Naomi alisema. "Hata mimi?" Akatoka.

Amos alibaki. Akasogeza meza, akaketi sakafuni upande wa pili wa kochi, mbali kiasi cha mkono kutofika. Alisubiri. Mlio ulipungua, ukakatika, ukarudi, ukapungua tena. Damu kidogo ilikuwa imebaki ukutani pale kichwa kilipogonga, na alijilazimisha kuitazama.

Simu yake ikalia. Ujumbe: *Daktari usikuje kesho, nimepata mtu mwingine.* Kabla hajaiweka chini ukaingia wa pili, wa jirani wa yule wa kwanza. Kumbe Collins alikuwa ameshaanza kupiga simu, na pikapu haikuwa imefika mbali.

"Hiyo ni nini?" Lagat aliuliza kutoka nyuma ya kochi, sauti imekwaruzika.

Ulimi wa Amos ulikuwa tayari na "hakuna kitu". Ulikuwa umezoea. Akauzuia.

"Ni watu wawili. Wanasema nisiende kwa ng'ombe wao."

"Kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu nimekataa uende. Mimi ndiye nimekataa."

Kidole kimoja cha Lagat kilitokeza kando ya kochi, kikaanza kufuata mshono wa kitambaa, juu na chini.

"Baba. Ile siku ulisema nisiseme tena. Hiyo amri bado iko?"

Miezi sita mtoto alikuwa amekula naye, amebeba ndoo za maziwa naye, amesimama atemewe maji kifuani, na muda wote alikuwa akingoja tu kuambiwa kwamba anaweza kufungua mdomo. Na baba aliuhesabu ukimya huo kuwa jambo limekwisha.

"Haiko," alisema. "Imeisha. Sema."

"Yote?"

"Yote."

Lagat akavuta pumzi, akaanza na Gredi ya Saba, mwaka alioanza kuliwaza.