Mbwa kwenye Mpaka wa Kornelia

Kornelia alikuwa akipepeta maharage mbele ya nyumba yake, kijijini Gendabi, pale mbwa mweusi alipotoka ardhini, mkubwa kama ndama, macho mekundu kama makaa. Hakubweka. Alijinyoosha katikati ya shamba la jirani, Theodory, akalala. Kuku wakapita katikati ya mbavu zake kama kwenye moshi, wakitafuta wadudu.

"Amelala palepale ilipokuwa minyaa yetu ya mpaka," Kornelia alimwambia jirani mwingine, Marieta.

"Palepale, mama. Hata mkia hajakosea."

Jambo lenyewe lilijulikana. Mume wa Kornelia alipofariki, mjane alikaa ndani ya boma, kama mila inavyotaka: aliyefiwa hakanyagi shamba mpaka atakaswe, jirani ndiye anayemlimia. Theodory akalima. Alilima kwa bidii mpaka akang'oa ule mstari wa minyaa, akaupanda upya chini ya dirisha la mjane. Kijiji kizima kilimwona, kikamsifu kwa moyo wa kujitolea.

Mwenyekiti wa kitongoji akaja na wazee kusikiliza shauri la mpaka. Theodory alikuwa amechinja mbuzi, kwa hiyo kikao kilijaa kuliko msiba wenyewe.

"Shikamooni," alisema Kornelia. "Huyo mbwa anaonyesha mpaka."

"Marahaba. Tunamwona," mwenyekiti alijibu, akitafuna. "Ila amechanjwa?"

"Atachanjwa wapi, mzee? Hata mwili hana."

"Ndiyo hapo sasa. Kijiji kitapokeaje ushahidi wa mbwa asiyechanjwa?"

Wazee wakaafiki, midomo iking'aa mafuta. Mbwa akainuka, akaja hadi kwenye sufuria, akawatazama mmoja mmoja usoni. Waliotazamwa wakasogea kumpa nafasi. Mmoja akamtupia mfupa. Ukapenya kifuani, ukaangukia upande wa pili.

"Anaringa huyu," alisema mzee, akauokota, akaendelea kuutafuna.

Mvua ziliponyesha, Theodory alipitisha maksai juu ya mbwa, na jembe halikukwama. Mahindi yakaota mgongoni mwake, tena yakastawi. Watu wa mjini Katesh wakija kupiga picha, Theodory huwatolea viti na kuwaeleza kwamba mnyama ni wa kwake, maana yupo shambani kwake.

Kornelia naye, tangu atakaswe, kila asubuhi hubeba kigoda chake akaketi kando ya mbwa, kwenye mpaka wa kweli. Theodory ni mtu wa watu. Humsalimia vizuri, humuulizia afya, kisha humwomba asikanyage mahindi yake.